Ndoa Mbele ya Afisa wa Viza: Ombi la Viza ya Mwenza ya Uingereza na Nyaraka Zake

Viza ya mwenza ni ruhusa anayopewa mgeni ili aingie na kuishi katika nchi ambako mumewe, mkewe au mpenzi wake wa kudumu ni raia au ana ukaazi usio na kikomo, na kwa Watanzania, Wakenya na Waganda waliooana na watu wa Uingereza, au na ndugu wa nchi yao waliohamia huko miaka mingi iliyopita, ndiyo njia kuu ya kuishi na mwenzi wao katika nchi hiyo. Swali linalobebwa na viza hii ni la zamani kuliko viza yenyewe: ndoa huthibitishwa na nini? Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ndoa huthibitishwa na watu, yaani walii aliyeozesha, mashahidi waliosikia ijabu na kabuli, wazee waliopokea mahari, na mtaa mzima uliokula pilau siku ya harusi. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza huuliza karatasi, tena karatasi zenye sura iliyopangwa mapema, kwa hiyo kuandaa ombi ni kuutoa ushahidi katika vinywa vya watu na kuutia katika maandishi ambayo afisa asiyemjua yeyote kati ya wahusika ataweza kuyakagua mezani.

Msimamo huo wa kudai karatasi una historia inayostahili kufahamika, kwa sababu bila historia hiyo masharti ya leo huonekana kama rundo la vikwazo visivyo na mpango. Kati ya mwaka 1969 na 1974 mwanamke aliyeishi Uingereza alizuiwa kwa kiasi kikubwa kumleta mume kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, ilhali mwanamume aliweza kumleta mke. Baadaye ikaja kanuni iliyojulikana kama ya kusudio kuu, iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba kuingia Uingereza hakukuwa lengo la kwanza la ndoa yake, na jambo hilo lilikuwa gumu kulithibitisha, kwani mtu huulizwa juu ya nia iliyomo moyoni mwake na kisha hukataliwa kwa sababu majibu yake hayakumridhisha muulizaji. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua tarehe 28 Mei 1985, katika kesi ya Abdulaziz, Cabales na Balkandali, kwamba kuwabagua wanawake waliotaka kuwaleta waume zao kulikuwa kinyume cha haki, na serikali ikaitikia kwa namna ya ajabu kidogo: badala ya kuwalegezea waume, iliwabana wake pia, na hivyo usawa ukapatikana upande wa ugumu. Kanuni ya kusudio kuu ilifutwa Juni 1997. Mnamo Julai 9, 2012 mizani ikahamishwa kutoka nia hadi fedha, pale Kanuni za Uhamiaji zilipopata sehemu mpya iitwayo Nyongeza FM, yenye sharti la kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka.

Tangu hapo ombi la mwenza limekuwa na sehemu mbili zenye mantiki tofauti, na makosa mengi ya waombaji hutokana na kuzichanganya. Sehemu ya kwanza ni ya masharti yanayopimwa kwa hati zilizotajwa kwa jina, kwa idadi na kwa tarehe, na hasa sharti la fedha, ambalo nyaraka zake zimeorodheshwa katika Nyongeza FM-SE. Hapa afisa hapimi ukweli kwa jumla, hukagua iwapo hati iliyotakiwa ipo au haipo. Sehemu ya pili ni ya masharti yanayopimwa kwa busara ya afisa, na kubwa zaidi ni lile la uhusiano wa kweli unaoendelea, yaani kwamba wawili hao wanapendana, hawajatengana, na wanakusudia kuishi pamoja kwa kudumu. Mwombaji anayeleta picha 200 za harusi na taarifa za benki za miezi mitano badala ya sita ameleta ziada pasipohitajika na kupunguza pasiporuhusiwa kupunguzwa.

Sharti la fedha, ambalo kwa hakika halina uhusiano wowote na ubora wa ndoa, ndilo linalobeba uzito mkubwa kuliko yote. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na mpango wa kukifikisha pauni 38,700 ukasimamishwa na serikali iliyoingia madarakani Julai mwaka huo, ukisubiri maoni ya Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, ambayo ilitoa ripoti yake Juni 2025. Ukubwa wa kiwango hicho huonekana kinapolinganishwa na ujira wa chini. Kuanzia Aprili 2025 mfanyakazi mtu mzima alilipwa si chini ya pauni 12.21 kwa saa, na akifanya kazi saa 40 kwa wiki katika wiki zote 52 alipata takriban pauni 25,397, maana yake ni kwamba mtu anayefanya kazi halali, ya kutwa, mwaka mzima bila kukosa siku, hawezi kumleta mkewe kwa mshahara huo peke yake. Mlinzi wa ghala au mhudumu wa wazee, kazi ambazo wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki huzifanya, yumo katika kundi hilo. Wale waliokwisha kuingia katika njia hii kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 wanaendelea kupimwa kwa kiwango cha zamani, nao hufanya vyema kutobadilisha mwenza wala njia kwa pupa.

Pengo la kipato linaweza kuzibwa kwa akiba, lakini hesabu yake si ya kawaida. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa. Kinachozidi hapo hugawanywa kwa mbili na nusu, ambayo ndiyo miaka ya kibali kama kanuni inavyoihesabu, na jawabu huongezwa kwenye kipato. Kwa hiyo asiye na kipato chochote huhitaji pauni 88,500, na yule mfanyakazi wa ujira wa chini aliyepungukiwa na pauni 3,603 huhitaji akiba ya takriban pauni 25,000 ili afike. Akiba hiyo lazima iwe imekaa katika akaunti ya benki kwa miezi 6, ikiwa chini ya mamlaka ya mdhamini (raia au mkaazi aliyeko Uingereza), ya mwombaji, au ya wote wawili, na ikiwa imetokana na mauzo ya kiwanja au nyumba waliyokuwa wakiimiliki katika kipindi hicho, umiliki na mauzo yathibitishwe kwa hati. Fedha iliyozungushwa katika upatu au kikoba, ambayo mwenyewe anaijua na wenzake wanaijua, haina pa kuonekana katika mfumo huu hadi iwekwe benki na ikae.

Kuna kanuni nyingine ndani ya sharti hili inayowashangaza waombaji wenye kazi nzuri Nairobi au Dar es Salaam: mshahara wa mwombaji anaoupata nje ya Uingereza hauhesabiwi katika ombi la kwanza, hata kama ni mkubwa kuliko wa mdhamini, kwa hoja kwamba kazi hiyo ataiacha atakaposafiri. Kodi ya nyumba anayoipangisha, kwa upande mwingine, huhesabiwa, na pensheni pia, kwa kuwa vyanzo hivyo havikomi kwa kuvuka bahari. Daktari wa hospitali ya wilaya hana alichochangia katika hesabu hiyo, ilhali mwenye vyumba 6 vya kupangisha Kariakoo ana mchango. Na tofauti hiyo, ingawa ina mantiki yake, hutoa picha isiyo sahihi ya nani atakayejitegemea baada ya kufika, kwani daktari ndiye mwenye ujuzi unaotafutwa.

Hati za mdhamini aliyeajiriwa kwa miezi 6 au zaidi kwa mwajiri mmoja ni hati za mshahara za miezi hiyo 6, taarifa za benki za kipindi hicho hicho zikionyesha mishahara ikiingia, na barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara wa mwaka, muda aliofanya kazi, muda ambao amelipwa kiwango hicho, na kama ajira ni ya kudumu, ya mkataba au ya wakala. Tarakimu za hati ya mshahara na za benki zikitofautiana, hata kwa sababu isiyo na hatia kama mkopo wa kazini au malipo ya ziada yaliyotolewa taslimu, tofauti hiyo ielezwe kwa maandishi kabla afisa hajaiuliza, kwa kuwa hana wajibu wa kuuliza. Hati za karibuni zaidi zisiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku ombi linapowasilishwa. Aliyejiajiri hupimwa kwa mwaka kamili wa kodi uliokwisha, na Mwingereza anayeishi Arusha akitaka kurudi kwao pamoja na mkewe huhitaji ushahidi wa kipato alichopata ughaibuni pamoja na kazi iliyothibitishwa itakayoanza ndani ya miezi 3 tangu arejee. Anayepokea malipo fulani ya ulemavu au ya kumtunza mlemavu haulizwi pauni 29,000. Huulizwa tu kama familia itaweza kujikimu.

Masharti matatu madogo yanaweza kupitwa upesi. Makazi yawe halali na yasiwe na msongamano kwa kipimo cha Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985, na barua ya mwenye nyumba pamoja na mkataba wa pango kwa kawaida hutosha. Cheti cha uchunguzi wa kifua kikuu hutakiwa kwa wakazi wa nchi zote za Afrika Mashariki, kitoke katika kliniki iliyoidhinishwa, nacho hudumu miezi 6, kwa hiyo kukikata mapema mno ni hasara. Kiingereza cha kusikiliza na kuzungumza hupimwa katika ngazi ya A1, ambayo ni ya mwanzo kabisa katika mizani ya Ulaya ya umahiri wa lugha, na Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, au Mtanzania aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwa lugha hiyo, bado hulipia mtihani huu, kwa kuwa nchi zao hazimo katika orodha ya nchi zinazohesabiwa kuwa za wasemaji wa Kiingereza. Anayeokoka ni mwenye shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza na kuthibitishwa na chombo kinachotambuliwa.

Uhalali wa ndoa yenyewe ndio mahali ambapo sheria za Afrika Mashariki na za Uingereza hukutana ana kwa ana, na ndipo mwombaji mwenye kila kitu huweza kugundua kwamba hana ndoa. Kwa jumla Uingereza huitambua ndoa iliyofungwa kihalali mahali ilipofungwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inazitambua ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila, na cheti chake hupatikana kupitia wasajili walio chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kenya ilizikusanya ndoa zake za aina tano katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na usajili wa ndoa za kimila ukaanza mwaka 2017. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa inaweza kuwa halali nyumbani na bado isiwe na cheti cha kuonyesha ughaibuni, na dawa yake ni kuisajili kabla ya ombi badala ya kuandika barua ndefu za wazee. Nikahi iliyofungwa London bila taratibu za kiserikali ni suala jingine: Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua Februari 2020 kwamba sherehe ya namna hiyo si ndoa mbele ya sheria, hata kama wawili hao wameishi kama mume na mke kwa miaka mingi.

Mitala huhitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Tanzania huidhania ndoa ya Kiislamu kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na watu hujaza fomu bila kufikiri juu yake. Kwa sheria ya Uingereza, tangu mwaka 1995, ndoa ya nje ambayo ina nafasi ya kuongezwa mke lakini kwa kweli ina mke mmoja haibatiliki kwa sababu hiyo. Inayobatilika ni ile ambayo tayari ina mke mwingine, ikiwa mmoja wa wahusika ana maskani yake ya kisheria Uingereza. Aidha, kanuni za uhamiaji hazimruhusu mke wa pili kuingia kwa mgongo wa mume ambaye mke mwingine amekwisha kukubaliwa kwa ndoa na mume huyo huyo. Umri nao una pengo: sheria ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilikikataa mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019, wakati Uingereza huwataka wote wawili wawe wametimiza miaka 18.

Talaka ndiyo inayoangusha wengi kimyakimya. Aliyewahi kuoa au kuolewa lazima aonyeshe kwamba ndoa ya kwanza ilikwisha kisheria, na Tanzania Bara ndoa haivunjwi kwa tamko la mume wala kwa barua ya baraza la usuluhishi. Baraza, liwe la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, au la kata, huthibitisha tu kwamba limeshindwa kusuluhisha, na mahakama ndiyo itoayo amri ya talaka, hata pale ambapo taratibu zote za Kiislamu zimekwisha kufuatwa. Mwenye barua ya baraza pekee, aliyeoa tena na kuomba viza, ameomba kwa ndoa inayotiliwa shaka. Zanzibar mambo ya talaka za Waislamu huenda kwa Kadhi, na Kenya pia ina mahakama za Kadhi zilizowekwa na katiba. Hata hivyo talaka iliyotamkwa bila mwenendo wowote wa mahakama hukumbana na Sheria ya Familia ya Uingereza ya mwaka 1986, ambayo haiitambui ikiwa mmoja wa wahusika alikuwa akiishi Uingereza katika mwaka mzima uliotangulia talaka. Mume aliyekaa London na kumtamkia mkewe wa Unguja talaka tatu kwa simu amemaliza ndoa yake mbele ya familia, na bado ni mume wake mbele ya afisa wa viza.

Majina huongeza utata wake. Mtoto wa Pwani huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, bila jina la ukoo, na fomu ya Kiingereza huuliza jina la ukoo. Matokeo yake mtu mmoja huwa Mohamed katika pasipoti, Muhammad katika cheti cha kuzaliwa na Mohammed katika cheti cha ndoa, huku babu akionekana katika hati mbili na kutoweka katika ya tatu. Wapo pia waliosajiliwa kuzaliwa wakiwa watu wazima, ambao cheti chao kilitolewa miaka 30 baada ya tukio. Kiapo mbele ya wakili kinachoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kikiambatana na kitambulisho cha taifa, huondoa sehemu kubwa ya shaka, ilimradi kiapo hicho kieleze sababu na kisiishie kutangaza tu.

Katika kuthibitisha uhusiano, kanuni inataka jambo moja lisilo na mjadala: wawili hao wawe wamekutana ana kwa ana. Ndoa ya wakala au ya njia ya video, hata ikikubalika kidini, haitoshelezi sharti hilo peke yake. Yanayobaki ni ya kupimwa, na hapa mwombaji wa Afrika Mashariki hukutana na tatizo la adabu. Wachumba wa Lamu walioposana kupitia wazazi hawana picha wakiwa wamekumbatiana, hawana safari za wawili kabla ya nikahi, na ujumbe wao wa simu ni wa salamu na heshima kuliko mahaba. Miongozo ya maafisa huikubali ndoa ya kupangwa na wazazi, ikiitofautisha na ya kulazimishwa, lakini afisa hawezi kuijua mila ambayo hakuelezwa. Barua ya maelezo inayotaja nani aliposa, lini, nani alikuwepo, mahari ilikuwa nini, na kwa nini picha ni za familia nzima, huzipa hati hizo chache maana. Mihuri ya pasipoti, tiketi, risiti za kutuma fedha na mazungumzo machache yaliyochaguliwa kwa miezi mbalimbali huonyesha mwendelezo kuliko kurasa 500 za wiki mbili. Mazungumzo ya Kiswahili hutakiwa kuambatana na tafsiri yenye jina, saini, tarehe na anwani ya mfasiri, pamoja na tamko lake kwamba tafsiri ni sahihi. Wale wasiooana wamepata nafuu: tangu Januari 31, 2024 wapenzi hawalazimiki kuwa wameishi nyumba moja kwa miaka 2, hutosha uhusiano unaofanana na ndoa uwe umedumu muda huo, na kwa jamii ambazo kuishi pamoja kabla ya ndoa ni aibu, badiliko hilo lina maana kubwa kuliko maneno yake machache.

Shaka ya afisa huelekezwa kwenye kile kinachoitwa mitaani ndoa ya makaratasi, iliyofungwa kwa ajili ya kibali tu. Tofauti kubwa ya umri, ndoa iliyofuata mkutano wa siku chache, au ombi la awali lililokataliwa si ushahidi wa hila, ila ni mambo yanayopaswa kutajwa na mwombaji mwenyewe. Kuficha kukataliwa kwa viza ya matembezi ya zamani ni kosa baya kuliko kukataliwa kwenyewe, kwa sababu kumbukumbu ipo, na maelezo ya uongo huweza kuangusha ombi ambalo kwa masharti mengine lingepita.

Gharama nazo ni sehemu ya uchujaji, ingawa hazitajwi hivyo. Kuanzia Aprili 2025 ada ya ombi kutoka nje ilikuwa pauni 1,938, na ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, hutozwa kwa miaka 3 kwa kibali cha miezi 33, hivyo jumla ilifika pauni 5,043 kabla ya mtihani wa lugha, kliniki, wakili na tafsiri. Ombi likikataliwa ada ya afya hurudishwa na ile ya ombi hupotea. Aliyekataliwa akiwa nje ana siku 28 za kukata rufaa kwa msingi wa haki ya maisha ya familia, na baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Februari 22, 2017, iliyokubali sharti la kipato lenyewe lakini ikakosoa namna maslahi ya watoto na vyanzo vingine vya fedha vilivyopuuzwa, kanuni zilirekebishwa ili msaada wa kuaminika wa ndugu uweze kuangaliwa pale ambapo kukataa kungeleta madhara makubwa kupita kiasi. Rufaa huchukua miezi mingi, na pale ambapo kasoro ilikuwa ya hati moja iliyokosekana, ombi jipya lililokamilika mara nyingi hufika mapema kuliko jaji.

Viza ikipatikana, kibali cha kwanza hufuatwa na cha pili cha miezi 30, chenye mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A2 na sharti la fedha kwa mara nyingine, ambapo sasa mshahara wa aliyefika nao huhesabiwa, na baada ya miezi 60 ndipo huombwa ukaazi usio na kikomo. Katika ombi hilo la pili kinachoulizwa ni kama wameishi pamoja, na ushahidi wake ni barua zilizoandikwa kwa majina ya wote wawili au kwa kila mmoja katika anwani moja, kutoka benki, halmashauri, hospitali na kampuni ya umeme, zikiwa zimetawanyika katika kipindi chote. Kwa hiyo mke aliyeshuka Heathrow wiki iliyopita, ambaye bado anajifunza kufungua mlango wa jengo, tayari anahitaji jina lake liwekwe kwenye bili.